Vijiko hivyo vipindueni kwanza kabla ya kuviyeyusha

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Kampala aliyeandika katika ukurasa huu kuhusu vijiko vya fedha vya zamani, vile vidogo vya chai na kahawa vyenye nembo, jina la mji au picha kwenye mpini. Yeye anaviona kuwa mabaki ya mkoloni. Anasema bei ya fedha imepanda, kwa hiyo mwenye navyo kabatini avipeleke kwa mnunuzi, vipimwe, viyeyushwe, watoto wapate karo.

Karo siipingi, hata mimi nimesomesha. Ninachopinga ni kumshauri mtu auze kitu ambacho hajakisoma. Barua ile ndefu yote haikutaja hata mara moja kilichoandikwa mgongoni mwa kijiko, na huko ndiko kwenye habari yote.

Mimi ni fundi saa. Nina meza barazani Main Street hapa Jinja, na lenzi ya jicho moja niliyoachiwa na tajiri wangu, Mhindi aliyenifundisha kazi, alipofukuzwa pamoja na wenzake mwaka 1972. Saa za kutia ufunguo zimekwisha, siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu. Kinacholetwa mezani ni betri za kubadilisha, mikanda iliyokatika, na vitu vya marehemu. Watu wakimaliza matanga hufungua masanduku, na wakikuta kitu kinachong'aa wanasema kipelekwe kwa yule mzee mwenye lenzi. Ndivyo vijiko vilivyoanza kunijia, na ndivyo nilivyopatwa na ugonjwa wa kuvikusanya. Neno ugonjwa ni la mke wangu.

Nianze na huyo mkoloni, maana ndiye aliyeshtakiwa. Jirani yangu wa Walukuba, mama wa makamo, alikuwa na vijiko sita vya baba mkwe wake. Mzee huyo ujanani alibeba fimbo za gofu katika uwanja wa hapa Jinja, ule uliopata sifa hadi Ulaya kwa sababu ya viboko wanaopanda kutoka mtoni usiku na kuacha nyayo ambazo mpira unatumbukia ndani. Vilabu vya gofu vya siku zile vilikuwa na desturi ya kumpa mshindi wa shindano dogo kijiko cha fedha. Mtu akishinda mara nyingi anakuwa na vijiko visivyo na kazi, na Mzungu mmoja aliyeshinda akawa anamgawia kijana aliyembebea mfuko. Sasa niambieni, kijiko alichopewa kijana wa Kisoga kwa jasho lake la mchana kutwa ni cha mkoloni kwa hesabu gani?

Vitano kati ya hivyo sita vimekwenda. Alipita mnunuzi na mizani yake, akavitupa juu ya sahani, akalipa kwa bei aliyoitaja yeye, akaenda. Kimoja kilisalia kwa kuwa mjukuu alikuwa amekiacha ndani ya kopo la sukari. Nimekitazama vizuri. Kwenye ncha ya mpini kuna fimbo mbili zilizopishana na mpira mdogo juu yake. Nyuma kumechorwa kwa mkono herufi mbili za jina na mwaka 1936, na ile 6 imelala upande kama fundi alikuwa na haraka. Chini yake kuna mihuri minne, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama: herufi za mfuaji, nanga, simba, na herufi K.

Nanga ni alama ya ofisi ya kupimia fedha ya Birmingham, Uingereza. Simba anayetembea huku ameinua mguu mmoja wa mbele ndiye shahidi kwamba fedha ni ile ya kiwango cha sehemu 925 katika 1,000, na Waingereza wamemgonga tangu 1544. K, kwa umbo lile na kwa ofisi ya Birmingham, ni katikati ya 1934 hadi katikati ya 1935. Kijiko kimechorwa 1936. Basi kilifuliwa mapema, kikaagizwa pamoja na wenzake, kikakaa klabuni kikingoja mtu wa kushinda. Haya yote yako kwenye kipande cha chuma chenye urefu wa kidole cha kati, na mnunuzi alilipia uzito tu.

Kwa kuwa barua ya msomaji mwenzangu imeenea (nimeonyeshwa picha yake kwenye simu na watu ambao hawajawahi kununua gazeti), naomba nieleze mihuri hii ili mtu asidanganywe. Kijiko cha fedha cha Uingereza lazima kimepitia ofisi ya kupimia kabla ya kuuzwa. Kila ofisi ina alama yake. London hugonga kichwa cha chui, Birmingham nanga, Edinburgh ngome. Chester, ambayo ilifungwa 1962, iligonga upanga na miganda mitatu ya ngano. Sheffield iligonga taji hadi 1974, kisha ikahamia kwenye ua la waridi. Hilo taji limewachanganya wengi. Wakiliona wanasema kijiko kilitoka jumba la mfalme, kumbe kimetoka mji wa viwanda vya visu. Baada ya alama ya mji na ya kiwango cha fedha hufuata herufi ya mwaka, ambayo hubadilishwa kila mwaka na kuanza upya alfabeti ikiisha, kwa mwandiko mwingine au ndani ya ngao ya umbo lingine. Kwa hiyo A pekee haikuambii kitu mpaka ujue ni A ya mji upi na imekaa ndani ya ngao gani.

Wakati mwingine kuna muhuri wa tano. Vijiko vilivyopimwa miaka ya 1952 hadi 1954 vinaweza kuwa na kichwa kidogo cha Malkia Elizabeth, kwa ajili ya kutawazwa kwake 1953. Wazee wa hapa wanakumbuka kwamba Aprili 1954 alifika mwenyewe Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, na vijiko vya kutawazwa vilikuwa vimeshamtangulia. Vipo pia vya miaka ya katikati ya 1930 vyenye vichwa viwili, vya Mfalme George wa tano na mkewe Mary, kwa ajili ya jubilii yao ya 1935. Ukikuta hivyo, usikubali bei ya mizani.

Sasa upande wa pili, ambao msomaji mwenzangu angepaswa kuuandika kama kweli anawahurumia maskini. Vijiko vingi vinavyoletwa mezani kwangu si fedha. Vina herufi EPNS, na anayevileta amekuja na boda boda kutoka Bugembe huku roho inamdunda akidhani ametajirika. EPNS ni kifupi cha electroplated nickel silver, yaani shaba, zinki na nikeli, vikapakwa ngozi nyembamba ya fedha kwa umeme. Ufundi huo kampuni ya Elkington ya Birmingham iliukatia hataza 1840, na tangu hapo mtu wa kawaida akaweza kuweka mezani kitu kinachofanana na cha tajiri. Viko pia vinavyoitwa fedha ya Kijerumani, navyo havina hata chembe ya fedha. Sumaku haikusaidii, kwa sababu fedha haishikwi na sumaku, na mchanganyiko huu wa nikeli kwa kawaida haushikwi vilevile. Nimeona watu wanajaribu kwa sumaku ya spika ya redio wakiwa na imani kabisa.

Za kwetu pia zina mtego. Watu huniletea vijiko vilivyounganishwa na sarafu kwenye ncha ya mpini, mara nyingi shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba amesimama mbele ya milima. Wanakata sarafu wanaiuza peke yake, wakidhani ndiyo fedha tupu na mpini ni chuma cha kawaida. Mambo ni kinyume. Shilingi zile zilizotoka 1921 hadi 1946 ni robo tu ya fedha, sehemu 250 katika 1,000, na za 1948 kuendelea hazina fedha kabisa. Rupia ya Kihindi iliyotumika hapa kabla yake ndiyo ilikuwa fedha ya heshima, karibu sehemu 917. Kwa hiyo mwenye kijiko cha namna hiyo akikata kichwa, amekiharibu kijiko kwa ajili ya sehemu yake iliyo duni kuliko zote.

Na wapo waliosikia habari ya mihuri wakaishika kupita kiasi, wanatupa kila kijiko kisicho na simba. Hapo tena kuna kosa. Ninacho kijiko kisicho na muhuri wowote, kizito, mpini wake umechorwa korosho zile za kwenye kanga, moja baada ya nyingine, zinapungua ukubwa kuelekea shingoni. Kilikaa kwangu muda mrefu nisijue kwao. Kisha akaja mama mmoja wa Kihindi kutoka Leicester, Uingereza, amekuja kuangalia nyumba aliyozaliwa, betri ya saa yake ikamwishia mbele ya baraza langu. Wakati nafungua saa akakiona kwenye droo. Akasema kwao vilikuwepo sita kama hicho, na kwamba vilifuliwa na sonara wa mtaa uleule tuliokuwa tumekaa, kwa rupia ambazo babu yake alipeleka mwenyewe zikayeyushwe mbele ya macho yake, kwa maana sonara, alisema akicheka, hata ndugu yake humwamini nusu. Sonara wa Jinja hakuwa na ofisi ya kupimia. Mteja aliyesimama pale ndiye alikuwa ofisi ya kupimia.

Kwa kijiko cha namna hiyo natumia maji, na njia hii yeyote mwenye mizani ndogo ya dhahabu anaiweza. Pima kijiko kikiwa kikavu. Changu ni gramu 20.7. Weka glasi ya maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Funga kijiko kwa uzi, kizamishe chote ndani ya maji bila kugusa chini wala kando, ukishikilia uzi kwa mkono uliotulia. Mizani itasoma namba nyingine, kwangu ilisoma 2.0, ambayo ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Gawanya 20.7 kwa 2.0, unapata kama 10.3. Fedha ya kiwango cha 925 inakaa hapo hapo. Kijiko cha nikeli kitakupa kama 8.7. Haikwangui, haitii tindikali, haiachi alama. Wanunuzi wanaokwangua kwa tupa kisha wanadondosha tindikali wanajua habari ya maji, ila tupa inawafaa zaidi, maana kijiko chenye kovu kinajadiliwa bei vizuri. Angalia tu kijiko kisiwe cha mpini wenye uwazi ndani, hapo hesabu inakudanganya.

Turudi kwenye swali la nani alivianzisha, maana msomaji mwenzangu ameandika kana kwamba vilitungwa na Gavana wa Entebbe. Kuuza vijiko vya kumbukumbu kwa wasafiri ni desturi iliyokuwepo Ulaya, lakini walioipandisha homa ni Wamarekani. Mwaka 1889 duka la Galt la Washington lilitoa kijiko chenye sura ya George Washington. Haukupita muda Daniel Low, muuza vito wa Salem huko Massachusetts, ambaye alikuwa amesafiri Ujerumani akaviona huko, akatoa kijiko cha mchawi: mwanamke na ufagio wake, jina la mji, na pini. Kilinunuliwa kwa fujo. Maonyesho ya Chicago ya 1893 yalipofika, kila mji wenye daraja au maporomoko ulikuwa na kijiko chake. Vijiko hivyo vya Marekani havikupitia ofisi ya kupimia ya Kiingereza. Vingi vimegongwa neno STERLING, yaani kiwango kilekile cha 925, na sheria yao ya 1906 ilifanya kuwa kosa kuligonga neno hilo uongo. Ninacho kimoja chenye maporomoko ya Niagara ndani ya bakuli lake. Kilitoka kwenye sanduku la fundi cherehani wa hapa, na jinsi kilivyofika Busoga hata watoto wake hawajui.

Lakini nimtaje zaidi yule mchawi wa Salem, kwa kuwa ndiye jibu langu kwa neno mabaki. Mwaka 1692 mji ule ulinyonga watu 19 kwa kuwasingizia uchawi. Miaka 200 baadaye wajukuu wakaigeuza aibu ile kijiko cha kahawa. Mimi naona ni ukosefu wa haya, na bibi yangu angesema hivyo kwa maneno makali zaidi. Hata hivyo leo vijiko vile vinatunzwa, vinaelezwa, na mtoto akiuliza mwanamke huyu na ufagio ni nani, inabidi aambiwe habari ya wale 19. Vikiyeyushwa swali haliulizwi. Ndivyo nionavyo hata vijiko vya maonyesho ya Himaya ya Kiingereza ya Wembley, 1924 na 1925, ambako Uganda ilipelekwa kuonyeshwa pamoja na pamba yake. Vile vina simba wa kibeberu kwelikweli, sibishani. Vimetimiza miaka 100, na mtoto wangu wa mwisho nilimfundisha maana ya neno protektoreti kwa kutumia kimoja.

Na kuna kile ambacho siuzi hata nikipewa saa ya dhahabu. Kina alama za Chester. Mpini ni mwembamba, kwenye ncha kuna ngao ndogo ya rangi ya kioo iliyochomwa, na ndani yake korongo taji, mguu mmoja juu, yule yule aliyekuwa nembo ya Protektoreti na ambaye tulibaki naye kwenye bendera 1962. Rangi nyekundu imebanduka kidogo kichwani mwake. Ndani ya bakuli la kijiko, fundi amechora kwa sindano maporomoko ya Ripon. Ukikishika wima chini ya taa unaona maji yanagawanyika kwenye mawe, vichaka juu ya visiwa vidogo, na ukingo wa kushoto kistari kimoja kilichosimama ambacho kwa jicho tupu ni mkwaruzo, kwa lenzi ni mtu. Ana kitu kirefu mkononi. Mvuvi, nasema mimi. Mwanangu anasema ni mkwaruzo.

Maporomoko yale aliyapa jina hilo Speke, msafiri Mwingereza, mwaka 1862, kana kwamba watu wa Kiyira, yaani wa mto Nile hapa kwetu, hawakuwa na jina lao. Yalizama maji ya bwawa yalipopanda, 1954. Vijana wa Jinja ninaowaonyesha kijiko hiki huniuliza ni wapi, na wengine wamezaliwa hatua chache kutoka hapo. Baba yangu alivua samaki kwenye mawe yale, picha yake hatuna. Mzungu aliyekiagiza alitaka kitu cha kumwonyesha shangazi yake, sina shaka, na hakuwa na habari na baba yangu. Lakini mchoro uko. Ukikipima, uzito ni gramu 11, ambazo fedha yake halisi ni kama gramu 10. Wakia moja ya soko la dunia ni gramu 31.1. Yaani vijiko vitatu vya namna hii, vikiyeyushwa, havijafika hata wakia moja kamili.

Hesabu hiyo ndiyo namwachia mtu aliyebanwa na karo kweli. Kuuza si dhambi. Piga uzito kwa gramu, zidisha kwa 0.925, angalia bei ya siku kwenye simu, na hiyo iwe sakafu yako. Mnunuzi akitaja chini ya hapo, fungasha. Kisha uza kama kijiko, kwa mtu anayetaka kijiko, na wapo, Kampala wapo na nje wapo, watakuomba picha ya mgongo kabla ya picha ya mbele. Wakikuomba picha ya mbele tu, hao ni wa kuyeyusha.

Kuhusu herufi za majina zilizochorwa, nina neno. Vijiko vingi vyenye majina ya Kihindi vilitawanyika 1972, watu walipopewa siku 90 wakaacha hata vyungu mekoni. Baadhi ya wauzaji hulisugua jina likaisha ili lisiulizwe. Naomba msisugue. Wenye majina hayo au watoto wao hurudi, kama alivyorudi yule mama wa Leicester, na mtu kulikuta jina la nyanya yake kwenye kijiko si jambo la kumnyima. Isitoshe, palipofutwa jina huwa pembamba na hupinda; kwa lenzi hunidanganyi.

Kusugua kwenyewe ni balaa nyingine. Fedha hushika weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani na katika vitu kama mayai. Haiozi, na weusi wenyewe ni ngozi ya juu tu. Mpira nao una salfa, na hapa kwetu kila kitu tunakifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nimeletewa bunda la vijiko lililofungwa hivyo tangu enzi za Obote wa kwanza, na kila kimoja kina mkanda mweusi kiunoni. Wenyewe walikuwa wameshaanza kuutoa kwa majivu na waya wa kusugulia sufuria. Majivu yanakwangua, waya ndiyo kabisa. Muhuri uliodumu miaka 90 unaondoka jioni moja. Oshea maji vuguvugu na sabuni, kausha kwa kitambaa cha pamba, weusi uliobaki kwenye mifereji ya mchoro uache, ndio unaofanya mchoro usomeke. Ile njia ya soda ya kupikia na karatasi ya aluminiamu kwenye maji ya moto inafanya kazi haraka, tatizo lake ni kwamba inatoa weusi wote hata ule unaotakiwa, kijiko kinabaki cheupe kama kilichopigwa chokaa. Na chenye rangi ya kioo usikitie maji ya moto hata kidogo, itapasuka.

Jumba la Makumbusho la Uganda lilianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, Kampala, likahamia Kitante 1954, mwaka uleule maporomoko yalipozama. Ningefurahi kuona humo droo moja ya vijiko hivi, cha gofu cha kijana wa Walukuba kikiwa kando ya kile cha korosho cha sonara wa Main Street, na maelezo yake yameandikwa kwa Kiswahili pia. Vyangu nipo tayari kuviazimisha, kasoro kile cha Ripon, ambacho nitakwenda nacho na kurudi nacho siku hiyohiyo.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Chapisheni mchoro wa zile alama: simba, nanga, kichwa cha chui, taji, ngome, upanga wa Chester, na pembeni herufi EPNS kwa ukubwa wa kutosha mzee asiye na miwani azione. Watu wataukata gazetini na kuubandika kwenye mlango wa kabati. Hapa Jinja, mwenye kijiko alete barazani, natazama bila malipo, isipokuwa Ijumaa mchana nakuwa msikitini. Kije hivyohivyo na weusi wake.

Fundi saa,
Walukuba, Jinja